Kadzo na Swali la Baiskeli

Watu wa bara wanaokuja kupanga hapa Magogoni hutucheka kwa jambo moja, nami siwalaumu. Mtu wa pwani ukimuuliza habari atakujibu njema, hata kama ametoka kuzika. Za nyumbani njema, za watoto njema, za kazi njema, kisha ndipo avute pumzi aseme "ila". Hiyo "ila" ndiyo yenye mzigo. Nimewahi kumsikia mtu akisema njema, ila nyumba imeungua. Si uongo. Ni kumpa mwenzako nafasi ya kukaa sawa kabla hujamtwisha.

Kadzo alikuwa mpangaji wangu. Nyumba ni ya marehemu baba, ya vyumba vilivyotazamana na ujia katikati, nami nakaa chumba cha mbele kwa ajili ya biashara yangu ya mbaazi na mahamri barazani. Yeye na mumewe Menza walikaa chumba cha mwisho, kando ya uani. Kadzo alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtu binafsi huko barabara ya Malindi, mwembamba, mkimya, wa kusema neno moja pale wenzake wangesema kumi. Menza alikuwa kinyume chake. Yeye alikuwa mchukuzi wa mnazi, ile pombe ya utomvu wa minazi. Aliondoka alfajiri kwenda kwa wagema upande wa Kilifi, akarudi na madumu matatu juu ya baiskeli nyeusi ya chuma, akiimba njia nzima. Mimi Mwislamu, mnazi siutaki hata kwa harufu, na nilimwambia tangu mwanzo kwamba madumu yake hayatalala nyumba ya baba yangu. Hayakulala hata siku moja. Na ile baiskeli aliifuta mpaka ikawa safi kuliko sahani za wapangaji wengine, nami nawajua, wakinisoma watajijua.

Siku ile ya msiba wao wa kwanza, Kadzo alikuwa uani anafua. Akaja Tinga, mchukuzi mwenzake Menza, suruali imejaa vumbi.

"Hodi hapa. Habari za hapa?"

"Njema. Za huko utokako?"

"Njema. Za kazi?"

"Njema, kaka."

Tinga akavua kofia. "Ila Menza kagongwa na lori, mteremko wa daraja la Mtwapa."

Kadzo alilisuuza shati alilokuwa amelishika, akalikamua, akalianika. Ndipo akaenda kuvaa viatu.

Menza hakufa siku ile. Alirudi nyumbani baada ya muda mrefu hospitalini, amekatika uti wa mgongo, kutoka kiunoni kushuka chini hana habari napo. Alirudi na mpira wa mkojo na mfuko wake, na vidonda vya kulalia ambavyo ukiviona hutakula nyama siku hiyo. Mamake, Mama Nyamvula, akaja kutoka kwao Chonyi kumuuguza mchana Kadzo akiwa kazini. Lori halikujulikana lilikokwenda. Baiskeli ililetwa na Tinga imepinda kama mkono uliovunjika, na Mama Nyamvula akakataa katakata isiende kwa wanunuzi wa vyuma. Ikaegemezwa ukutani pale ujiani, kila apitaye akajikwaruza muundi. Nilinung'unika mara nyingi, lakini sikuitoa.

Sasa Kadzo akawa na jambo moja tu kichwani. Kulikuwa na wakala anayepeleka wauguzi ng'ambo, kwenye nchi za baridi, na karatasi zake zote zilikuwa zimekubaliwa isipokuwa Kiingereza. Kuna mtihani wa kusoma, kuandika, kusikiliza na kusema. Mara ya kwanza alipita kote akaanguka kwenye kusema. Aliulizwa kama anapenda mji wake, akajibu ndiyo. Aliulizwa kwa nini, akajibu ni mzuri. Mtahini akangoja, Kadzo naye akangoja, na muda ukaisha hivyo. Wakala akamwambia nafasi yake itashikiliwa kwa mtihani mmoja tu mwingine. Akipita, ataweza kumnunulia Menza godoro la hewa, na daktari wa mgongo, na mtu wa kumgeuza mchana kutwa ili vidonda vifunge. Akianguka, Menza ataoza pale kitandani. Kadzo ndiye aliyelitumia neno hilo, si mimi. Wauguzi hawana mafumbo.

"Nifanyie utahini, Mama Hanan," akaniambia. "Wewe Kiingereza wakijua."

Kiingereza changu mimi nilikiokota nikitandika vitanda kwenye hoteli ya ufuoni, na hakijawahi kuonewa wivu na mtu. Lakini kuuliza maswali ya watu naweza, hiyo ni kazi ninayoifanya bure mtaani. Basi kila jioni akitoka kazini, nikikaa juu ya kibao cha mbuzi nakuna nazi, yeye hukaa mbele yangu kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu yake iko pajani mwangu yenye maswali. Nakuna, nauliza. Akijibu neno moja, naacha kukuna na kumkazia macho mpaka aongeze la pili.

Maswali yenyewe yalikuwa ya watu wasio na shida. Unapenda maua? Unapokea zawadi gani siku yako ya kuzaliwa? Wanafunzi wenzake wa darasa la kujiandaa kwa mtihani walisema kila msimu una maswali yake yanayozunguka, na msimu ule lililozunguka sana lilikuwa la baiskeli. Ulikuwa na baiskeli utotoni? Watu wa kwenu hupanda baiskeli? Ieleze baiskeli unayoikumbuka. Mwalimu wao wa mjini alikuwa amewapa jibu la kukariri: kwamba baiskeli huupa mwili afya, haichafui hewa, na yeye hufurahia kuipanda mwisho wa juma na marafiki.

Kila nikifika hapo Kadzo alisema, "Ruka hilo."

Nikaruka siku ya kwanza, nikaruka ya pili. Siku nyingine nikachoka. "Siliruki tena," nikamwambia. "Ndilo latoka hilo. Wataka wakuulize maua kwa sababu mumeo kagongwa akiwa juu ya baiskeli? Sema."

Akaangalia mlango wa chumba chake. Mlango ulikuwa wazi, pazia tu. Akaanza kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba anazipenda baiskeli sana, kwamba zinaupa mwili afya. Alipofika kwenye marafiki na mwisho wa juma, sauti ya Menza ikatoka nyuma ya pazia.

"Mama Hanan. Hiyo baisiko mwaisemani?"

Neno hilo moja alilijua. Kadzo akainamisha kichwa. Nami sina ustadi wa kuficha, nikamjibu, "Yuwasema baiskeli ina afya, baba."

Nilishika kifuu changu sijui nikiweke wapi. Kisha Menza akacheka, kicheko chake kile cha zamani, mpaka akakohoa na mamake akakimbia kumshika.

"Mwambie huyo mzungu wake aje anitazame mimi afya yangu," akasema. "Kadzo, nani kakufundisha upuuzi huo? Hujui baiskeli ni nini wewe. Ingia hapa, nikwambie."

Tangu jioni hiyo tulihamia chumbani mwao, mimi na mbuzi wangu na nazi zangu. Harufu ya mle ndani sitaieleza. Menza alilala ubavu, uso ukutani au uso kwetu kutegemea zamu ya kugeuzwa, akasema, na Kadzo akageuza kila kitu kuwa Kiingereza. Alimweleza kwamba mnazi huchemka wenyewe njiani, ukiziba dumu kwa kifuniko linapasuka, kwa hiyo unaziba kwa tonge la makumbi ya nazi ili lipumue. Kwamba madumu hufungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kwa sababu kamba hulegea. Kwamba breki ya mkono haizuii mzigo kama ule. Kwenye mteremko unakanyaga gurudumu kwa soli ya kandambili, na kwa harufu ya mpira unajua kama mwendo umezidi. Kwamba asubuhi, akipita vijiji, alipiga kengele mara mbili kwa mgema mmoja kipofu wa jicho moja, naye akamjibu kwa mluzi akiwa juu ya mnazi.

"Na siku ile?" Kadzo akamuuliza. Sikuwahi kumsikia akimuuliza hilo kabla.

"Siku ile niliisikia harufu ya mpira," akasema Menza. "Nilijua nimezidi. Nilitaka kukuwahi nikupikie, ulikuwa uingie zamu ya mchana, chakula chako hujapika."

Kadzo akaandika neno? Hakuandika. Alilirudia kwa Kiingereza, polepole, kama alivyorudia mengine yote, mpaka likakaa. Mimi ndiye niliyetoka nje kwa kisingizio cha kutupa vifuu.

Mtu anaweza kudhani hiyo ilikuwa tiba. Haikuwa. Menza alichangamka ulimi, lakini kidonda cha nyonga kilikuwa kimeshafika mfupani, na juma la mtihani homa ikapanda. Kadzo alimchoma dawa zote alizoweza kuzipata. Hospitali walikwenda, wakamlaza kwenye ujia wa watu wengi, wakamrudisha na vidonge. Siku moja kabla ya mtihani alimgeuza, akakitazama kidonda, akakifunika, akaniambia nje uani kwamba haendi.

Menza alisikia. Ukuta wa chumba kile ni wa udongo na sauti hupita kama maji. Akamwita.

"Usipokwenda," akamwambia, "mimi nimegongwa bure."

Basi akaenda. Alivaa sare yake ya zahanati kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri, akamwogesha mumewe, akambadili mfuko, akamlisha uji vijiko anavyojua yeye. Menza akamwambia amwambie mzungu kuhusu makumbi, asisahau makumbi. Kadzo akasema hatasahau. Akapanda tuktuk kwenda darajani, avuke mjini. Asubuhi ilikuwa ya maandishi, na alasiri ya kusema. Katikati wangerudishiwa simu zao.

Menza alikufa kabla ya adhuhuri. Biashara nilikuwa nimeiacha barazani siku hiyo, nilikuwa mle ndani nampepea. Alipumua kwa haraka, kisha kwa kuchelewa, kisha mamake akaniambia niache kupepea. Hakusema neno la mwisho la kuandikwa. Aliomba maji, na alipoletewa hakuyataka.

Mama Nyamvula alimfumba macho, akamnyoosha mikono. Hakulia kwa sauti. Alisema wakilia wanawake wa nyumba hii, mtaa utajaa, na mtaa ukijaa mtu atampigia Kadzo. Akanituma nifunge mlango wa mbele. Nikafunga, na mahamri yangu yakalala kwenye sinia bila mwenyewe.

Tukaketi, maiti kati yetu. Nikamwambia, "Mama, lazima aambiwe. Ni mumewe."

"Ataambiwa."

"Aambiwe sasa. Mtu hafichwi kifo cha mumewe akaachwa kujibu maswali ya wazungu. Hilo haramu."

"Kwenu," akasema. "Wewe Mama Hanan ulimsikia mwanangu jana au hukumsikia?"

Nilimsikia. Lakini bado nilisema ni haramu, na mpaka leo nasema. Tulikuwa katika ubishi huo, sauti za chini, wakati simu yangu ilipolia. Ilikuwa Kadzo. Nikaitazama simu kama mtu anayeona nge. Mama Nyamvula akanyoosha mkono.

"Nipe."

Nikampa. Aliweka sauti ya juu kwa bahati mbaya, hajui simu hizi za kupapasa, nikasikia yote.

"Shikamoo, mayo." Ndivyo alivyomwita mamake Menza, mayo, yaani mama.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema. Maandishi tumemaliza. Habari za hapo?"

"Njema," akasema Mama Nyamvula. Alikuwa ameshika kidole gumba cha mguu wa mwanawe. "Njema, mwanangu."

Kisha akanyamaza.

Upande wa pili nikasikia magari ya mjini yakipita. Kadzo kila akipiga simu huuliza kama Menza amekula, na amegeuzwa saa ngapi. Siku hiyo hakuuliza. Alinyamaza naye, kitambo, kisha akasema, "Haya, mayo," na simu ikakatika.

Alirudi jua limepungua. Nilikuwa nimejipanga mlangoni na maneno yangu yote, nimeyapima, pa kuanzia na pa kumshika akianguka. Alishuka kwenye tuktuk na mfuko wa duka la dawa mkononi. Akanipita, akavua viatu, akaingia ujiani, akaigusa ile baiskeli kidogo ili asijikwaruze. Ndani ya mfuko mlikuwa na pamba, bandeji pana na shuka jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Mayo."

"Mayo kasema njema. Nalikuwapo."

"Ndiyo," akasema. "Kasema njema, akanyamaza."

Akafunga pazia. Alimtengeneza mumewe mwenyewe, kama wanavyofanya wauguzi, na alipomaliza ndipo akatoka uani akakaa chini penye maji ya nguo, akalia mpaka majirani wakavunja mlango wangu. Mama Nyamvula alimshika kichwa. Hawakugombana, wala sikusikia mmoja akimwomba mwenzake radhi.

Tulimzika kwao Chonyi. Siku za matanga nilikaa mkekani karibu na Kadzo, na mchana mmoja, wanawake wengine wakiwa jikoni, akanisimulia chumba cha mtihani kilivyokuwa. Meza, kinasa sauti, na bwana mmoja wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimpa kadi. Kadi ilisema aieleze baiskeli anayoikumbuka.

Alisema yote. Alisema madumu na mipira ya tyubu. Alisema makumbi, hakuyasahau. Alisema kandambili kwenye gurudumu, na kengele mara mbili, na mluzi juu ya mnazi. Alisema mteremko na harufu ya mpira, na chakula ambacho hakikuwa kimepikwa. Maneno yalikuja bila kuitwa, hakutafuta hata moja. Mwisho akasema, kwa Kiingereza, kwamba mwenye baiskeli hiyo ni mume wake, na kwamba amekufa leo, na hakuna aliyemwambia.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Akatazama saa. Akasema ahsante. Akaniuliza, nchini kwenu ni vijana ama wazee wanaopanda baiskeli zaidi?"

"Hakukupa pole?"

"Nilingoja," akasema Kadzo. "Naliijua hata kwa Kiingereza ilivyo. Ningeielewa."

Nilimlaani yule mtu pale pale mkekani, yeye na kizazi chake, na nilikuwa na maneno ya ziada. Kadzo akaniwekea mkono.

"Wachia, Mama Hanan. Hawaruhusiwi kuzungumza. Nami kazini mtu akinifia naandika saa, nakwenda kitanda cha pili."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia vijana. Nikamwambia baiskeli ina afya, haichafui hewa, na mimi huipanda mwisho wa juma na marafiki."

Alipita. Kwenye kusema ndiko alikopata alama za juu kuliko kote. Mimi nilidhani hatakwenda tena, kwa kuwa aliyekuwa anakwenda kwa ajili yake yumo kaburini. Akakaa na ile karatasi ya matokeo mpaka Mama Nyamvula alipompigia kutoka kwao, akamwambia yale yale aliyosema Menza, kwamba mwanawe asiwe amegongwa bure. Akaenda. Baiskeli alinipa mimi, na mimi, niliyeinung'unikia muda wote, bado sijaitoa ujiani.

Anauguza wazee huko. Anasema huko theluji ni chafu kuliko inavyoonekana kwenye simu. Hunipigia akitoka kanisani, na hatuachi desturi yetu, habari za huko, njema, habari za hapo, njema. Ila siku hizi mimi nikishasema njema siwezi kutulia. Nasikia ule upande wake umekaa kimya, pumzi ameishika, anangoja. Basi naongeza upesi chochote kinachonijia, nazi zimepanda bei, paka kazaa, maji yamekatika tangu juzi, ili asikie tu kwamba naendelea kusema.